Chungu cha Bibi na Kidonge cha Asubuhi: Familia ya Tarime Inaporudi kwenye Vyakula vya Asili

Katika nyumba moja ya matofali ya kuchoma, pembezoni mwa mji wa Tarime, siku huanza kwa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, na chapati mbili zinazonunuliwa kwa jirani. Mchana baba mwenye nyumba, mfanyabiashara wa mahindi na vitunguu anayeshinda njiani kuelekea Sirari, hula popote njaa inapomkuta: wali, au chipsi mayai na soda baridi. Usiku familia hukutana kwenye sinia la ugali wa sembe, kabichi iliyokaangwa kwa mafuta mengi na, siku za mnada, nyama ya mbuzi. Hakuna aliyewahi kukiona chakula hicho kuwa kigeni. Ni chakula cha mjini, cha watu ambao mambo yao yamekwenda vizuri.

Familia hii ni ya mfano. Haikutolewa katika faili la mgonjwa yeyote. Imeundwa ili ibebe pamoja mambo yanayoweza kuikuta kaya yoyote ya Tarime au Serengeti inayoamua kubadili chakula. Baba ana miaka 52 na kisukari cha aina ya pili kilichogunduliwa miaka minne iliyopita. Humeza metfomini na glibenklamidi. Mama ana miaka 45 na shinikizo la juu la damu. Wana watoto watatu, wa mwisho akiwa na miaka miwili. Bibi, mama yake baba, anaishi kijijini upande wa Serengeti, mbali kidogo na Mugumu, na bado analima mtama, ulezi na muhogo wake mwenyewe.

Mabadiliko yalianza kwa simu. Rafiki alimtumia baba video ya mtu aliyeeleza kwa ufasaha kwamba binadamu hakuumbiwa nafaka. Kwamba mababu walikula nyama, mafuta, maziwa na majani, na hawakujua kisukari. Kwamba anayeacha ugali leo atapona kesho. Baba aliacha ugali siku hiyohiyo, pamoja na chapati, wali, viazi na sukari. Alikula nyama ya kuchoma na mboga, akanywa maziwa, na kila asubuhi akameza vidonge vyake kama alivyoagizwa, maana kuhusu vidonge video haikusema lolote.

Siku ya tatu, alasiri, akiwa kwenye mizigo, alianza kutoka jasho jingi na mikono ikamtetemeka. Akawa anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Wapo waliodhani amelewa, na mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani. Kijana wa bodaboda aliyewahi kumuona shangazi yake katika hali hiyo alimnywesha soda kidogo kidogo maadamu alikuwa bado anaweza kumeza, kisha akampeleka kituo cha afya. Huko kipimo kilionyesha sukari ya damu milimoli 2.6 kwa lita, hata baada ya ile soda. Soda aliyokuwa ameapa kutoigusa tena ndiyo iliyomfikisha akiwa na fahamu.

Kilichotokea hakina fumbo. Glibenklamidi huamrisha kongosho litoe insulini bila kujali kama sahani ina wanga au haina. Mgonjwa anapokula ugali wake wa kawaida, insulini hiyo hupata kazi ya kufanya. Anapouondoa ghafla, insulini ileile huishusha sukari kupita mpaka wa usalama. Athari ya dawa hii huweza kudumu saa 24, na kwa mwenye figo dhaifu hata zaidi. Kwa hiyo mtu aliyezinduka kwa soda anaweza kuanguka tena usiku akiwa amelala. Ndiyo maana hakuruhusiwa kurudi nyumbani jioni ile. Wanaotumia insulini wamo katika hatari hiyohiyo. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kuleta shida hii.

Dalili zake zinafaa kujulikana na kila mtu anayeishi na mgonjwa wa kisukari: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira isiyo na sababu, kuchanganyikiwa. Mgonjwa akiwa anameza, apewe vijiko vinne vya sukari katika maji au nusu glasi ya soda, arudiwe baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Lakini je, baba alikosea kutaka kubadilika? Hapa majibu ya haraka hayafai, kwa sababu historia ya eneo lenyewe inamuunga mkono kwa sehemu kubwa. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya kazi yake Kavirondo Kusini, wilaya ya upande wa pili wa mpaka, nchi ya Wakisii, Wajaluo na Wakurya. Alikuwa amepima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000. Hadi umri wa miaka 40 vipimo vilifanana na vya Wazungu. Baada ya hapo, badala ya kupanda, vilishuka. Miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu. Miaka 60 baadaye, mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake waliandika katika British Medical Journal kuhusu Wajaluo waliohama vijiji vya Nyanza kwenda Nairobi. Shinikizo lao lilipanda mapema, ndani ya mwezi wa kwanza, na mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu pungufu kuliko ule wa wenzao waliobaki kijijini. Damu ya ukoo haikubadilika kwa mwezi mmoja. Maisha na sahani ndivyo vilivyobadilika.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima 26 hivi kati ya 100 wana shinikizo la juu la damu, na 9 kati ya 100 wana kisukari. Mkoani Kilimanjaro, watafiti wa KCMC ya Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwashirikisha wanaume 77 wenye afya katika jaribio lililochapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine. Waliozoea vyakula vya asili walihamishiwa kwenye vyakula vya kimagharibi kwa wiki 2. Wengine walifanya kinyume chake. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki 1. Waliohamia vyakula vya kimagharibi walionyesha katika damu dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka, na chembe zao za kinga hazikupambana na vimelea kwa nguvu ileile. Waliorudi kwenye vyakula vya asili walionyesha kinyume, na baadhi ya mabadiliko hayo yalionekana bado wiki 4 baadaye. Inafaa kukumbuka kwamba hao walikuwa wanaume wenye afya, kwa muda mfupi. Haukuwa utafiti wa wagonjwa wa kisukari, na wala hauhalalishi mbege kuwa dawa.

Muhimu zaidi kwa baba wa Tarime ni kile ambacho vyakula hivyo vya asili vilikuwa: nafaka zisizokobolewa, mikunde, ndizi, mboga za majani. Wanga ulikuwamo. Hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wahubiri wa chakula cha kale hupenda kuwataja, hula mizizi, matunda, ubuyu na asali nyingi pamoja na nyama. Wamasai nao hutajwa kwa maziwa na nyama. Ni kweli kwamba George Mann na wenzake, waliowachunguza Wamasai wa Tanzania katika miaka ya 1960, walikuta maradhi ya moyo ni machache mno. Lakini walipochunguza baadaye mishipa ya moyo ya Wamasai 50 waliofariki, waliona mafuta yameganda kwenye kuta za mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Walidhani upana huo ulitokana na kutembea. Mfanyabiashara anayeketi kwenye kiti cha lori kutwa nzima hawezi kuazima nyama ya Mmasai akaiacha miguu yake.

Bibi aliitwa kutoka Serengeti wiki ile ile ya tukio. Alifika na kikapu cha unga wa mtama, mbegu za mgagani na maneno machache. Hakuwa na habari za video, na alishangaa kusikia kwamba kuna watu wanaofunzana kula kama zamani.

Ukarabati wa chakula cha nyumba hiyo ulichukua miezi minane, na haukwenda kwa mstari ulionyooka. Mwezi wa kwanza kilichoguswa ni vinywaji tu. Chupa ya soda ya mililita 350 hubeba gramu 35 hadi 40 za sukari, yaani vijiko tisa hivi vya chai. Baba alikuwa akinywa mbili kwa siku. Chai ilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja, na baada ya wiki sita akainywa bila sukari huku akilalamika. Katika mwezi huo huo kliniki ilimpunguzia glibenklamidi kwa nusu na kumwagiza apime sukari asubuhi na jioni. Jambo hilo ndilo lililokosekana mara ya kwanza: sahani na kidonge vilibadilika pamoja, kwa mpango, chini ya jicho la mtu mmoja.

Nchini Uingereza, jaribio la DiRECT lilifanya hivyo kwa ujasiri mkubwa zaidi. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walisimamishiwa dawa zao za kisukari siku ileile walipoanza lishe ya nishati ndogo, na baada ya mwaka 1 karibu nusu yao hawakuwa tena na kisukari kwa vipimo, bila dawa. Kwa kejeli kidogo, chakula chao cha miezi ya kwanza kilikuwa unga wa kiwandani uliokorogwa kwa maji, kitu ambacho hakuna babu aliyekijua. Kilichowasaidia ni kupungua uzito, tena wakiwa mikononi mwa wataalamu.

Mwezi wa pili ulikuwa wa unga. Sembe ilipisha dona, kisha dona ikachanganywa na mtama na ulezi. Watoto walikataa, ugali mweusi waliuita wa maskini, na mtoto wa kati akagoma kula siku mbili. Mama alirudisha sembe kwa nusu, akapunguza polepole. Dona ina kasoro yake ambayo haisemwi vya kutosha. Kiini na pumba vilivyobaki ndani yake vina mafuta na nyuzinyuzi, lakini ndiko pia sumukuvu inakojificha pale mahindi yalipohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi ya dona yanapaswa kukaushwa vizuri, kupembuliwa punje zenye ukungu au zilizovunjika, na kusagwa kidogo kidogo, maana unga wake haukai muda mrefu kama sembe.

Ugali wenyewe ulipungua kutoka nusu ya sinia hadi robo, na nafasi iliyobaki ikajazwa mgagani, mnavu, majani ya maboga na kunde, maharage yaliyolowekwa usiku kucha ili yasimalize mkaa, na dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa huliwa na mifupa yake, na kwa bei ya kilo moja ya nyama mama hulisha familia siku kadhaa. Nyama ilibaki ya mnada na sikukuu. Mafuta ya kukaangia yalipungua kwa sababu bibi huunga mboga kwa karanga zilizopondwa au maziwa mgando, kama alivyofundishwa na mama yake. Chumvi ilikuwa vita ngumu zaidi kuliko sukari. Shinikizo la mama lilianza kusikia mabadiliko hayo kabla hata ya uzito wake kupungua. Si kila mgonjwa wa shinikizo anafaa kujaziwa mboga, maharage na ndizi bila kupimwa; aliye na figo zilizodhoofika anaweza kulimbikiza potasiamu hadi moyo ukapoteza mdundo.

Mwezi wa tano bibi alileta muhogo, na hapa simulizi inahitaji kusimama.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime ya wakati ule, iliyokuwa ikijumuisha Rorya ya leo, walianza kupooza miguu. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Wengi waliopata pigo hilo walikuwa watoto na wanawake. Daktari William Howlett na wenzake, akiwemo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, walibaini kuwa ni konzo, ugonjwa uliokwisha kuelezwa Kongo na Msumbiji. Mimea mingine ilikuwa imekauka, ukabaki muhogo mchungu. Njaa ikawafanya watu wafupishe siku za kuulowanisha na kuuvundika, na sianidi ikabaki kwenye unga. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini, na protini haikuwapo. Miguu iliyokakamaa haikurudi tena kuwa kama zamani.

Hapo pana jambo ambalo neno "asili" hulificha. Muhogo mchungu ni chakula halisi, kisicho cha kiwandani, cha mababu. Kilichouwezesha kuliwa vizazi na vizazi ni kazi: kumenya, kulowanisha au kuvundika siku tatu au zaidi hadi ulainike, kuponda, kuanika juani hadi ukauke kabisa. Udaga wa bibi ni salama kwa sababu bibi hana haraka. Unga usiojulikana ulivyotengenezwa unaweza kupunguzwa sumu kwa njia rahisi aliyoieneza Howard Bradbury wa Australia: huloweshwa kwa maji, hutandazwa tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha husongwa siku hiyohiyo. Na ugali huo usiliwe peke yake siku nenda rudi. Maharage, dagaa au maziwa kando yake ni sehemu ya kinga.

Maziwa pia yana sharti lake. Baba alikuwa amesikia kwamba kuyachemsha ni kuyaua, akataka yanywewe yakitoka kwa ng'ombe. Maziwa mabichi hubeba bruselosisi, ambayo huanza kwa homa zinazokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, kiasi kwamba mgonjwa hutibiwa malaria mara tatu bila kupona. Hubeba pia kifua kikuu cha ng'ombe. Kugandisha peke yake hakutoshi. Yachemshwe, yapoe, ndipo yagandishwe. Damu mbichi na nyama ya mnyama aliyejifia haziliwi, kwa sababu kimeta hakiulizi desturi. Nyamapori isiyo na kibali, ambayo katika vijiji vya kando ya Hifadhi ya Serengeti hupita mlango wa nyuma, huleta hatari hizo pamoja na kifungo.

Aliyetaka kumweka mtoto wa miaka miwili katika lishe ya baba alikuwa baba mwenyewe. Bibi alikataa kabla ya muuguzi hajafungua mdomo. Mtoto wa umri huo, mama mjamzito na anayenyonyesha hawahitaji kupunguziwa wanga; wanahitaji kuongezewa yai, dagaa waliosagwa, maziwa na mafuta kidogo katika uji. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki mwanamke alikatazwa mayai na kuku, na minofu mizuri ilipelekwa kwa mwenye nyumba. Familia inayorejesha chakula cha zamani haina sababu ya kurejesha mgawanyo huo. Katika nyumba hii mama alianza kupika mayai mawili kila asubuhi, moja la mtoto na moja lake, na baba hakuuliza.

Mhudumu wa afya anayesoma haya atagundua kwamba sehemu ngumu ya simulizi ingeepukwa kwa swali moja la kliniki: "Kuna ulichobadilisha katika chakula tangu tuonane?" Wagonjwa wengi hawalisemi bila kuulizwa. Wengine huogopa kukaripiwa kwa kufuata mambo ya mitandaoni, nao wakikaripiwa mara moja hawatasema tena. Mwenye glibenklamidi au insulini akijibu ndiyo, dozi ifikiriwe upya siku hiyo, si miezi mitatu ijayo.

Mwezi wa nane baba alikuwa amepungua kilo tisa. Sukari yake ya asubuhi, iliyokuwa ikicheza kati ya 11 na 13, ilisoma 7.1. Glibenklamidi ilikwisha kuondolewa, metfomini ikabaki. Aliuliza kama nayo inaweza kuachwa, akaambiwa vipimo virudiwe baada ya miezi mitatu, asiiache kwa kuamua mwenyewe. Alikubali, ingawa uso ulionyesha kwamba atauliza tena.

Nyumbani lilikuwa limezuka suala jingine. Mvua zilikuwa zinakaribia, na bibi alitaka kurudi Serengeti kulima. Kwa miezi minane yeye ndiye aliyekuwa akichambua mgagani, akiloweka maharage na kugeuza udaga juani, wakati mama yuko gengeni kwake hadi jioni. Mama alifanya hesabu ya saa hizo, akaiweka mbele ya mume wake usiku mmoja baada ya chakula. Baba alinyamaza kwa muda. Kesho yake alfajiri, kabla ya kwenda Sirari, alionekana uani ameketi kwenye kigoda na ungo mapajani, akichambua maharage taratibu kama mtu anayesoma herufi kwa mara ya kwanza, huku bibi akimuonyesha yapi ya kutupa.